Ukiandika «Elisabethville, 1961» kwenye skrini, heshimu mwaka huo

Siku hizi kijana wa Lubumbashi akitaka kupiga filme hangoji mzalishaji kutoka Ulaya. Simu yenye kamera nzuri, rafiki anayejua montage, jenereta ya kukodi kwa sababu moto wa SNEL una tabia zake, na kazi inaanza. Hadithi inayomjia kwanza mara nyingi ni ya nyumbani: nkambo aliyefanya kazi Union Minière, mama aliyezaliwa wakati wa ONU, papa aliyekimbia vita ya Kolwezi mwaka wa 1978. Ni jambo la kufurahisha. Kwa miaka mingi mji huu ulisimuliwa na watu waliokuja kwa ndege na kurudi kwa ndege. Sasa wana wa Kamalondo, wa Katuba na wa Ruashi wanashika kamera wenyewe.

Mtego uko kwenye dakika ya kwanza. Maandishi meupe yanatokea: «kufuatana na historia ya kweli». Kisha: «Elisabethville, 1961». Tuseme baada ya hapo nkambo wa kwenye filme anatoka nyumbani na abacost, analipa mkate kwa zaïre, anapanda baiskeli kwenda kazini Gécamines. Mtazamaji wa miaka 20 haoni kosa lolote. Kwake yeye «zamani» ni chumba kimoja ambamo Tshombe, Mobutu na Leopold wa Pili wameketi pamoja. Lakini mzee aliyekaa pembeni yake anacheka, au ananyamaza, na kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Abacost ilikuja na siasa ya authenticité, miaka ya 70. Pesa ya zaïre ilianza mwaka wa 1967. Mwaka wa 1961 watu walihesabu faranga. Na jina la Gécamines halikuwapo: kampuni ilikuwa Union Minière, serikali ikaichukua mwanzoni mwa mwaka wa 1967, ikaitwa kwanza Gécomin. Makosa matatu katika dakika moja, na yote yangezuiwa kwa kumwuliza mzee huyo huyo aliyekaa pembeni.

Wengi watajibu: ni filme tu, si somo la historia. Tena ni maisha ya familia yake, nani atamfundisha mtu maisha ya nkambo wake? Jibu hilo lina nguvu kuliko linavyoonekana, na halifai kudharauliwa.

Kwanza, wazee wenyewe hawahesabu miaka kwa tarakimu. Muulize mzee wa Kamalondo alioa lini. Atajibu: «Ile wakati ya Tshombe.» Mwingine atasema wakati ya Union Minière, wakati ya ONU, wakati ya Zaïre, mwaka wa pillage, wakati Mzee Kabila aliingia. Hii ni kalenda kamili. Ina mpangilio wake, na kwa mambo mengi ni salama kuliko tarakimu, kwa sababu mtu anaweza kusahau kama ilikuwa 1991 au 1992 lakini hasahau kama maduka yalikuwa yameporwa au bado. Kijana anayechukua maneno ya mzee na kuyageuza tarakimu kwa haraka, ili yapendeze kwenye skrini, ndiye anayeleta kosa. Mzee hakusema 1961. Alisema wakati ya Tshombe, nao ulianza tarehe 11 Julai 1960 na kuisha Januari 1963. Ndani yake mna miaka miwili na nusu, na mambo yake hayafanani mwezi kwa mwezi.

Pili, ukumbusho wa mtu unaweza kukosea tarehe na bado ukasema kweli. Mfano mkubwa kuliko yote uko hapa hapa.

Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege kutoka Moanda, wakashushwa uwanja wa Luano tarehe 17 Januari 1961. Walipelekwa kwenye nyumba ya Brouwez, wakapigwa, na usiku ule ule wakauawa kwa risasi porini, mahali panapoitwa Shilatembo, upande wa barabara ya Likasi. Mawaziri wa Katanga walikuwapo, na maofisa Wabelgiji pia. Hayo leo hayana ubishi. Lakini ukikutana na mzee aliyekuwa kijana wakati ule, anaweza kukuambia bila kusitasita kwamba Lumumba alikufa mwezi wa pili. Mjukuu mwenye simu ya intaneti atamsahihisha mbele ya watu: «Hapana, Nkambo, ni Januari 17.» Mzee atanyamaza.

Mzee hakudanganya. Serikali ya Katanga ilificha kifo kile siku 27. Kwanza ilitangaza kwamba wafungwa wametoroka. Halafu tarehe 13 Februari waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, akasema mbele ya waandishi wa habari kwamba wanakijiji wamewaua. Mtu wa kawaida wa Kenya au wa Kamalondo aliishi siku zile 27 akiamini Lumumba yuko hai, amefungwa mahali fulani. Kwake Lumumba alikufa siku redio iliposema. Tarehe aliyo nayo kichwani ni ya tangazo, na ni tarehe ya kweli kabisa ya jambo lingine: siku uongo ulipotangazwa.

Basi fikiria filme ya familia. Nkambo wa kwenye filme yuko nyumbani usiku wa Januari 17. Anasikia habari ya kifo, mkewe analia, majirani wanakusanyika uani. Inagusa moyo, muziki unaingia. Nayo imefuta siku 27 za uongo wa serikali. Mtazamaji anatoka akifikiri kwamba watu wa Elisabethville walijua, wakakaa kimya. Huko si kukosea kwa kalenda tu. Ni kuwashitaki watu ambao hawako tena kujitetea. Mpiga filme angefuata tarehe angepata pia sehemu kali zaidi: majuma karibu manne ya mji unaozungumza juu ya mtu aliye hai, wakati mwili wake umekwisha kuzikwa, kufukuliwa na kuharibiwa ili usionekane.

Raoul Peck alielewa hilo, na njia yake inafaa kutazamwa na kila kijana mwenye kamera hapa. Peck ni mtu wa Haiti, alizaliwa Port-au-Prince mwaka wa 1953, akaletwa Léopoldville akiwa mtoto. Baba yake alikuwa mmoja wa Wahaiti waliojua Kifaransa, walioitwa kujaza nafasi walizoacha Wabelgiji. Alifika baada ya Lumumba kufa. Hakumwona. Alichonacho ni maneno ya mama yake, aliyefanya kazi kwenye ofisi za mji wa Léopoldville, na picha za familia. Mwanzoni mwa miaka ya 90 alitengeneza «Lumumba, la mort du prophète», filme ya ushuhuda iliyochanganya historia ya Lumumba na utoto wake mwenyewe. Hakuweza kuja kupiga picha Zaïre ya Mobutu, basi alipiga Brussels, penye baridi, watu wakipita na makoti bila kujua ni nani anayezungumziwa. Filme haifichi hata kimoja kati ya hayo. Inasema wazi: hapa ni mama yangu anayesimulia, hapa sikuwepo, hapa sikuruhusiwa kufika. Mtazamaji anajua kila wakati amesimama wapi.

Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2000, Peck akatoa «Lumumba», filme ya waigizaji, Eriq Ebouaney akiwa Lumumba. Hapa anajipa ruhusa kubwa: maiti inasimulia. Lumumba aliyekwisha kufa anazungumza juu ya maisha yake, kana kwamba ndiye aliyeandika kitabu chake mwenyewe baada ya risasi. Kongo ilikuwa vitani, hivyo picha zilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Mtu wa Lubumbashi akiitazama anajua upesi kwamba miti ile si ya kwetu na barabara ile haielekei Likasi. Haidhuru. Hakuna anayedanganywa na mti. Filme inafungua na Wazungu wawili usiku, wanaharibu maiti, na kazi hiyo ya kinyama ilifanyika kweli; Mbelgiji Gérard Soete alikuja kukiri mwenyewe, na jino alilolichukua ndilo lililorudishwa Kongo Juni 2022, likapitishwa hapa Lubumbashi na Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Kumbuka pia kwamba filme ilitoka kabla tume ya bunge la Ubelgiji haijamaliza kazi yake, Novemba 2001. Sauti ya mfu ni ya kubuni, kila mtu anajua. Vifo na mpangilio wake si vya kubuni.

Kuna kisa cha pembeni kinachoonyesha jinsi kitu kidogo kwenye filme ya zamani kinavyoweza kuuma leo. Filme hiyo ilipoonyeshwa kwenye televisheni ya HBO ya Marekani, jina la mtu mmoja, Frank Carlucci, lilifunikwa kwa sauti lisisikike. Mwaka wa 1960 Carlucci alikuwa ofisa kijana kwenye ubalozi wa Marekani huko Léopoldville. Baadaye akawa waziri wa ulinzi. Yeye alikana kuhusika na njama yoyote. Miaka 40 baada ya tukio, watu wazima wanagombania nani alikuwa kwenye mkutano gani. Anayesema «ni filme tu» awaulize mawakili wake.

Sasa weka pembeni yake «The Siege of Jadotville» ya mwaka wa 2016, iliyoonyeshwa na Netflix. Ni hadithi ya askari wa Ireland waliokuwa chini ya ONU, wakazingirwa Jadotville, yaani Likasi, tangu tarehe 13 Septemba 1961 hadi walipojisalimisha tarehe 17. Kwao ni haki iliyochelewa: watu wale waliitwa waoga nyumbani kwao kwa miaka mingi, na filme iliwasaidia kusafishwa jina. Vizuri. Lakini mtu wa Likasi akiitazama anajitafuta hajioni. Ilipigwa Afrika Kusini, mji hauna milima yake, na wenyeji wamebaki kama vivuli nyuma ya bunduki. Halafu kuna kifo cha Dag Hammarskjöld, mkuu wa ONU, aliyeanguka na ndege karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18. Filme inaelekea moja kwa moja upande wa ndege kushambuliwa angani. Inawezekana. Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, amekabidhiwa na ONU uchunguzi wa jambo hilo tangu mwaka wa 2015, na kila ripoti yake inaonyesha kwamba shambulio kutoka nje linaweza kuwa lilikuwapo, huku akizidai nchi kubwa zifungue makaratasi yao. Jaji ana miaka mingi anapima neno kwa neno. Filme inamaliza kesi kwa dakika chache, na kwa vijana wengi wa hapa hukumu ya filme ndiyo watakayoikumbuka.

Uganda nayo iliwahi kupatwa na jambo la namna hii. «The Last King of Scotland» ya mwaka wa 2006 ina daktari wa Uskoti, rafiki wa Idi Amin, ambaye hakuwapo kabisa duniani. Ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden. Mtu wa kubuni si kosa. Lakini ndani ya filme Kay, mke wa Amin, anakufa vibaya kwa sababu ya mapenzi na daktari huyo, na kifo chake kimesogezwa karibu na ndege iliyotekwa ikapelekwa Entebbe, mwaka wa 1976. Kay Amin alikufa mwaka wa 1974. Alikuwa mtu, alikuwa na watoto. Mtu wa kubuni amepewa mke wa kweli na tarehe ya uongo, ili mwisho wa filme uwe na moto zaidi. Hapo ndipo mpaka ulipovukwa.

Kinyume chake ni Stefanie Zweig, Myahudi ambaye wazazi wake waliwakimbia Wanazi na kumleta Kenya mwaka wa 1938. Aliandika utoto wake kama riwaya, na Caroline Link akaifanya filme mwaka wa 2001, jina lake kwa Kijerumani «Nirgendwo in Afrika». Ilipigwa Kenya kwenyewe na Kiswahili kinasikika ndani yake. Mwandishi aliiita riwaya, hakuiita ushuhuda wa mahakamani. Mambo ya ndani ya nyumba, nani alimpenda nani, ni yake, ayageuze anavyotaka. Lakini vita inaanza mwaka wake, Wajerumani wanakamatwa na Waingereza wakati wake, na familia inarudi Ujerumani vita ikiwa imekwisha.

Kwa hiyo swali la haki ya familia linapata jibu la nusu. Ugomvi wa nkambo na mke wake ni mali ya familia. Mwaka wa 1961 ni mali ya mji mzima.

Watu wa Lubumbashi hawakuanza leo kusimulia mji wao bila kufuata mstari. Mwaka wa 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu kilitoa kijitabu kwa Kiswahili cha hapa, «Vocabulaire de ville de Elisabethville», kilichoandikwa na André Yav. Anayekisoma akitafuta mwaka baada ya mwaka atachoka. Mambo yanarudi nyuma, yanaruka, yanajirudia. Lakini kinasema jambo ambalo hakuna kumbukumbu ya Union Minière inayolisema: maisha ya mpishi na ya boy yalivyoonekana kutoka jikoni. Kisha mwaka wa 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu, alichora historia nzima ya Zaïre, mabango karibu 100, akayaeleza kwa Johannes Fabian, profesa aliyekuwa akifundisha hapa. Kwenye kifo cha Lumumba aliweka misalaba mitatu kwa mbali, kama Kalvari. Hakuna mtoto anayedhani kulikuwa na misalaba Shilatembo. Mchoro unasema waziwazi kwamba hapo mchoraji anawaza.

Baloji naye, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alifanya hivyo kwa njia yake. «Augure», iliyopewa tuzo Cannes mwaka wa 2023, inamfuata mtu anayerudi Kongo kwa familia iliyomkataa, na kila anayejua maisha ya Baloji anahisi amesimama karibu na moto wake. Ilipigwa Kinshasa na Lubumbashi. Haina mwaka. Haina «historia ya kweli» mwanzoni. Ina wachawi, rangi, ndoto, na inajitetea vizuri kwa sababu haikuahidi kalenda. Kijana anayeogopa tarehe ana mlango huo wazi: asiandike mwaka. Akiuandika, ameweka sahihi.

Kwa nini ugomvi wote huu juu ya miaka? Kwa sababu hapa Katanga swali la «kipi kilitangulia» si swali la mezani. Mwaka wa 1961 maelfu kwa maelfu ya Baluba wa Kasaï na wengine waliacha nyumba zao hapa mjini na kulala kwenye kambi ya ONU. Mwaka wa 1992 na 1993 Wakasaï walifukuzwa tena, wakijazana kwenye stesheni za gari la moshi za Likasi na Kolwezi wakingoja njia ya kwenda kwa mababu wasiowajua. Wapo watu wa Lubumbashi waliozaliwa na kipande kimoja cha historia hiyo mkononi, na wapo waliozaliwa na kipande kingine. Ukianza saa ya filme mwaka wa 1961, chuki inaanguka kutoka mbinguni. Ukianza mwaka wa 1957, Wabelgiji walipopanga uchaguzi wa kwanza wa komini na wengi wa mabourgmestre Waafrika waliochaguliwa wakawa si wenyeji wa Katanga, kisha Conakat ikaundwa mwaka uliofuata, unaona mkono wa tatu, ule uliowaleta watu kutoka mbali kwa ajili ya kazi na kuwapanga kwa makabila. Ukichanganya kambi ya 1961 na stesheni ya 1992 katika filme moja bila kusema, umempa mtu yeyote mwenye hasira nafasi ya kuchagua mwanzo anaoupenda. Katika mji ambao majirani wa avenue moja wana vipande tofauti, hilo ni kucheza na kiberiti karibu na esanse.

Ipo pia kazi ndogo ya macho. Komini ya Lubumbashi, ule uliokuwa mji wa Wazungu, bado ina majengo mengi ya zamani na inashawishi: weka mtu mwenye suti mbele ya posta ya zamani, ni 1950. Polepole. Théâtre, ambalo leo ni Bâtiment du 30 Juin, lilijengwa miaka ya 50 na si kabla. Sanamu la Tshombe liko Place de la Poste, na mtu wa mwaka wa 1955 hawezi kupita chini yake. Ruashi ni mtoto wa miaka ya 50. Terril yenyewe, mlima mweusi wa takataka za shaba ambao kila filme inaupenda, umeliwa na mashine tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Umbo lake la leo si lile ambalo nkambo aliliona akitoka kazini. Hayo ni madogo, na mtu asiye na pesa asamehewe. Lakini kuelekeza kamera kidogo upande wa kushoto ni bure.

Na msaada upo. Chuo kikuu cha Lubumbashi, kwa mradi wa Mémoires de Lubumbashi uliosimamiwa na profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, kilikusanya maneno ya wazee kwa miaka mingi. Musée iko. Centre d'art Picha iko, na Sammy Baloji, mmoja wa walioianzisha, alikwisha kuonyesha namna ya kuweka wakati mbili kwenye picha moja bila kumdanganya mtu: aliwakata wafanyakazi wa zamani kutoka kwenye picha za kikoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya leo ya Gécamines, na kila mtu anauona mshono.

Kinachobaki ni namna ya kumwuliza mzee. «Ilikuwa mwaka gani, Nkambo?» ni swali baya, litampa aibu au litamfanya abahatishe. Mwulize: ulilipwa faranga au makuta? Posho mlikuwa mnapewa bado? Mji mlikuwa mnauandika namna gani kwenye bahasha? Bendera juu ya posta ilikuwa na misalaba ya shaba? Uliisikia habari hiyo kwa nani, au ni redio? Kisha nenda kwa mwingine, Katuba, aliyekuwa kabila lingine au kazi nyingine, umwulize yale yale bila kumwambia wa kwanza alisema nini. Wakitofautiana, usiwapatanishe kwa nguvu kwenye montage. Waweke wote wawili. Na kama kwa ajili ya pesa au ya muda umelazimika kusogeza jambo kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine, mwisho wa filme, kabla ya majina ya waliobeba taa, pana nafasi ya kuandika mstari mmoja unaosema nini kimesogezwa. Haulipiwi kitu.

Wazee waliokuwa watu wazima Januari 1961 wamebaki wachache. Wengine wako uani sasa hivi, wamekaa kwenye kiti cha plastiki, redio pembeni. Mjukuu ana simu mfukoni, yenye moto wa kutosha kwa saa moja.